Tone la Saa Kumi Usiku

Lori lina kiu.
Si kiu ya kutangaza: galoni moja kwa wiki mbili,
kulanti ya kijani inaondoka bila kuaga,
na sakafu ya gereji kavu kama kauli ya hakimu.

GMC ya mwaka themanini na moja, rangi ya haradali,
mlango wa kushoto hufunguka kwa kupigwa goti.
Bibi aliniachia mwezi wa kumi,
pamoja na mizinga kumi na minne ya nyuki
na deni la sukari ya kuwalishia.
(Bibi, kwa Kiukreni cha nyumbani kwetu, huitwa Baba.
Msicheke. Kila ukoo na kamusi yake.)

Nikaanza na yaliyo wazi.
Rejeta nimeipapasa sega kwa sega.
Mipira nimeibinya kama mkunga abinyavyo tumbo.
Pampu ya maji ina kitundu chake cha kulilia:
kikavu.
Dipstiki imetoka na oili nyeusi, ya haki,
si chai ya maziwa.
Ekzosi haitoi moshi mweupe.
Zulia chini ya heta nimelinusa
kama mbwa wa forodha, nikaambulia vumbi
na chembe za nta.

Metro Prokopchuk akavuka barabara na pampu yake ya kupimia,
akaifunga kwenye mdomo wa rejeta, akajaza presha,
akanisimulia nyonga ya mkewe kwa nusu saa nzima.
Mshale haukutikisika.
"Injini nzima hii," akasema. "Labda unainywa wewe."

Haba na haba hujaza kibaba, nilifundishwa.
Hakuna aliyeniambia
kwamba haba na haba ndiyo hukimaliza.

Kisha usiku mmoja wa Januari,
baridi thelathini na nne chini ya sifuri,
usingizi ukakataa. Niliwawazia nyuki
ndani ya makoti yao ya karatasi ya lami.
Nikatoka na tochi kuwasikiliza,
miguu ikanipeleka gereji.

Saa kumi. Injini imelala tangu jana mchana,
chuma kimejikunyata.
Nikatandika boksi, nikalala chali,
nikafunga kwenye waya kile kioo kidogo cha Bibi
alichokiacha kwenye droo ya dashibodi,
nikakipitisha nyuma ya injini, karibu na ukuta wa kabini,
mahali ambapo mkono hufika lakini jicho halifiki.

Pale.
Kifuniko cha bati, upana wa sarafu mbili,
kingo zimeliwa na kutu,
na tone linavimba, linasita,
halidondoki. Linateleza juu ya mgongo wa gia boksi,
linaingia kwenye mfereji wa chesisi,
linasafiri gizani hadi karibu na gurudumu la nyuma.
Huko, katikati ya tope la miaka,
nikakuta kijiti cha barafu ya kijani,
hatua tatu kutoka kwenye jeraha lake.

Chuma kikipata moto hunenepa, hujiziba.
Tulikuwa tunaliuliza lori likiwa limechemka,
nalo likijibu: sijambo.

Bibi naye tulimpigia simu mchana.
Kila mara mchana. Mkate uko jikoni,
redio inapiga, sauti yake ina siagi.
Majirani ndio walioona taa ya jikoni
ikiwaka usiku, mwaka mzima,
wakadhani anasoma.

Metro anasema lazima gia boksi ishushwe,
kazi ya siku mbili kwa bati la dola nne.
Anapiga mluzi, anatafuta jeki.

Lakini hiyo ni kesho.
Usiku ule sikuziba chochote.
Nilizima tochi, nikabaki chini pale
hadi mgongo ukafa ganzi,
nikisikiliza kitu kisichotoa sauti.